Usukani Nilioutundika Ukutani

Nakumbuka asubuhi niliyoufungua usukani wa lori, nikaubeba begani hadi nyumbani kwangu Gongoni na kuutundika ukutani juu ya kitanda, kama mwindaji anavyotundika pembe za mnyama aliyemwua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanangu, na nilikuwa najiona. Nikikusimulia leo usinihurumie kwa ajili ya mvi hizi. Kijana yule alikuwa mimi, na alichofanya nilikifanya mimi Shabani, wala sikutumwa na mtu.

Lori lilikuwa la chama chetu cha wakulima pale Tabora, nami ndiye niliyekuwa dereva wake. Chama kilitaka libebe tumbaku nyingi zaidi, basi likapelekwa karakana kwa Bwana Nasoro, fundi wa pale mjini. Ukoo wake ulitoka Omani zamani za misafara, babu yake akauza vitambaa maisha yake yote, lakini mjukuu akaangukia kwenye vyuma. Bwana Nasoro akaikata chasisi, akairefusha, akajenga bodi jipya la mbao za mninga na kulivisha lori matairi makubwa mbele. Kazi yake ilipendeza. Tatizo likawa usukani. Ulikuwa mzito mno, ukikata kona moja tu ya sokoni shati linalowa mgongo mzima.

Ndipo Bwana Nasoro akapata lori jingine lililopinduka, akang'oa pampu yake ya mafuta na mipira yake, akavifunga kwenye letu. Siku hizi mnaita pawa stelingi, na hata kigari cha kupelekea bibi harusi kinayo. Sisi tuliita usukani wa mafuta. Mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanayokusaidia kuyageuza magurudumu. Dereva anasifiwa, kazi wanafanya wengine.

Basi mwanangu, usukani ukawa mwepesi hata nikauzungusha kwa kidole kimoja. Kidole hiki hapa. Nikipita mjini, mkono wa kulia naning'iniza dirishani, kidole cha kushoto kwenye usukani, nasalimia watu kama waziri. Na kwa kuwa kidole kimoja kilitosha, nikaona ule usukani wa zamani, mpana kama ungo, wa nini tena? Nikatafuta usukani mdogo wa gari dogo, nikausuka kwa nyuzi za plastiki nyekundu na kijani, nikaufunga mahali pake. Bwana Nasoro aliponiona alitikisa kichwa. "Shabani, usukani mkubwa nimeuacha kwa makusudi," aliniambia. Nikamjibu kwamba yeye ni fundi, mimi ndiye dereva.

Msimamizi wa magari ya chama alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa upande wa Puge. Alikuwa ameendesha malori tangu enzi za mkoloni, na sasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na desturi moja ambayo sisi vijana tulimcheka nayo kisirisiri. Gari lolote lililotengenezwa upya hakuliruhusu litoke mjini mpaka dereva alipeleke kwenye mteremko mdogo nyuma ya ghala, azime injini, aliache lijiviringishe polepole, kisha alikate kulia na kushoto kwa mikono yake tu. Breki za malori yale zilikuwa za kukanyaga kwa nguvu za mguu, kwa hiyo hapakuwa na hatari. Ukishindwa kukata, gari halitoki.

Zamu yangu ilipofika nilishindwa. Nilivuta ule usukani mdogo mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, lori likaenda moja kwa moja hadi kwenye rundo la kokoto, likasimama. Mzee Maganga akaja mlangoni.

"Usukani wake uko wapi?"

"Uko nyumbani, mzee. Lakini injini ikiwaka, gari hili ni jepesi kuliko yote tuliyonayo."

"Sikukuuliza injini ikiwaka."

Kisha akapanda, akakaa kando yangu, akanieleza jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani. Alisema kwao, siku ya kuondoka, mpagazi hakutwishwa mzigo. Mzigo uliwekwa chini mbele yake, na kiongozi wa msafara akasimama kutazama. Mpagazi alipiga goti, akaunyanyua mwenyewe, akajitwika. Aliyehitaji mwenzake amsaidie kuunyanyua alipunguziwa palepale, hata kama alikuwa na kifua cha fahali, kwa sababu njiani atautua kupumzika, na huenda atakapotaka kujitwika tena asiwepo mtu karibu yake.

"Watu husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi," akasema. "Wanasahau kwamba Mnyamwezi aliujaribu kwanza. Hayo mafuta yanakutwisha, Shabani. Rudisha usukani mkubwa kabla hujatoka na gari hili."

Nikasema sawa, mzee. Ilikuwa ile sawa ya mdomoni, ambayo nyinyi vijana mnaijua vizuri, na msifikiri mmeivumbua nyinyi. Ilikuwa ni kazi ya nusu saa na spana moja. Sikuifanya siku ile, wala kesho yake. Nilikuwa naona haya kuonekana mjini na usukani wa babu.

Siku chache baadaye ikaja kazi ya kuhamisha watu. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na malori yote yalitakiwa kusaidia kabla mvua hazijaanza. Mimi nilipangiwa vitongoji vya upande wa Puge, nitoe watu na vyombo vyao niwapeleke kijiji kipya, mwendo wa saa moja na nusu. Mzee Maganga akasema ataongozana nami, kwa sababu miongoni mwa wanaohamishwa alikuwapo dada yake mkubwa, Bibi Nyamizi, na alitaka kumsindikiza mwenyewe. Tulipokuwa tunaondoka Tabora alfajiri alipanda, akautazama ule usukani mdogo wenye nyuzi, akanitazama mimi.

"Uliniambia sawa," alisema.

"Nikirudi, mzee. Haki ya Mungu, nikirudi tu."

Akaufunga mlango wake. Nadhani kama si dada yake aliyekuwa anamngoja juani na vyombo vyake nje, angeniteremsha pale pale. Hilo nalo nimelibeba mpaka leo.

Tulifika kwa Bibi Nyamizi jua limekwisha kupanda. Mzee akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," wakaingia ndani wakakaa. Mimi nikafungua boneti nitazame maji, nikaona mpira wa mafuta ya usukani umelowa. Mafuta yalikuwa yamevuja njia nzima, chombo chake kimebaki na tope kidogo chini. Mwanangu, mafuta ya usukani wakati ule hata Tabora yalikuwa yanatafutwa kwa tochi. Huku shambani ungeyapata wapi? Niliwaza kumwita Mzee. Nikajua atakachosema: gari halitoki. Na watu walikwisha kupanga vyombo barabarani, vitanda, vibuyu, kuku wamefungwa miguu. Nikaona aibu.

Jirani palikuwa na mama aliyekamua mafuta ya karanga. Nikamwomba chupa moja akanipa, masikini, akidhani nataka kupikia. Nikaikaza klipu ya mpira kwa waya na kumimina yale mafuta ya karanga mahali pa mafuta ya usukani. Nilizungusha usukani, ukawa mwepesi. Nikafunga boneti haraka kabla Mzee hajatoka, nikajipongeza kwa akili yangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku ile zilikuwa kipara.

Tukapakia. Bibi Nyamizi alikataa kuondoka bila jiwe lake la kusagia, ambalo mama yake alisagia kabla yake. Watu wawili wakalinyanyua. Yeye akakalia mzigo juu kabisa, kanga imefunika kichwa, uso ameuelekeza nyumbani kwake. Hakulia wala hakuaga. Juu mle walikuwa watu kumi na tisa, na watoto. Sitasema mengi juu ya uhamisho ule. Wapo waliopata shule na kisima, wapo waliopoteza makaburi ya wazazi wao, na mara nyingine ni mtu huyo huyo mmoja.

Mwendo wa saa nzima ulikuwa salama. Kisha pampu ikaanza kulia. Ilikuwa sauti nyembamba, ikipanda kila nikikata kona. Mzee Maganga akainamisha kichwa.

"Sauti hiyo siipendi. Simamisha tutazame."

"Ni mkanda tu, mzee. Tumekaribia."

Usukani ukaanza kunidunda mikononi, mara mwepesi, mara mzito. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo gari linapokuambia ukweli. Pampu ikilia na usukani ukidunda, yale mafuta yameshaingia hewa, yanakuaga. Nililijua hilo. Niliendelea kwa sababu nilikwisha kusema ni mkanda tu.

Halafu harufu ikaja. Chumba chote cha dereva kikanukia kama jiko la mama wa maandazi. Mzee Maganga akanusa, akageuka akanitazama, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa kila kitu. Tulikuwa tumeshuka kilima kuelekea mto wa msimu, mahali ambapo barabara inakata kulia ghafla kufuata karavati. Mbele moja kwa moja, ukishindwa kukata, ni ukingo, na chini yake ni mchanga wa mto. Kiangazi kile wanawake walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga, nao walikuwapo pale na ndoo zao, wameinama, wanateka maji kwa kata.

Nikakata kulia. Usukani haukusogea.

Nikausukuma kwa nguvu zangu zote, kidole changu kimoja kikawa vidole kumi, na ule usukani mdogo, mwembamba, uliosukwa nyuzi, haukunipa mahali pa kushika. Mkono wa usukani mkubwa ni mrefu, unakuongezea nguvu. Huo mdogo ulikuwa kama kufungua mlango kwa kuushika penye bawaba. Nikafanya kosa la tatu. Nikakanyaga breki mpaka chini. Magurudumu yakakaza, lori likaanza kuteleza juu ya kokoto, zito, moja kwa moja kuelekea kwa wale wanawake. Nilisikia watoto wakipiga kelele juu ya mzigo. Mmoja wa wale wanawake aliinua uso akatutazama, na kata bado iko mkononi.

"Achia breki!" Mzee alipaza sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baada. "Gurudumu lisiloviringika halikati! Achia!"

Kuachia breki wakati kama ule, mwanangu, ni kama kuambiwa ufungue mkono unaoning'inia nao. Niliachia kwa sababu tu ni yeye aliyesema. Mzee akajikaza mlangoni kwa mkono wa kushoto, akaupeleka wa kulia kwenye usukani, akausukuma juu upande wake na mimi nikauvuta chini upande wangu. Nikasikia pumzi yake sikioni. Ukasogea kidogo, kisha ukasogea tena. Pua ya lori ikageuka kulia, likaukosa ukingo, lakini upande wa kushoto ukagonga mti wa mninga uliosimama mwanzo wa karavati. Mlango wa Mzee ukabonyea ndani. Tukasimama.

Kwa muda kulikuwa kimya, kuku tu wakipiga mabawa. Kisha Bibi Nyamizi akaita jina la mdogo wake kutoka juu, mara moja, mara mbili, na hakuitikiwa.

Hakufa. Nakuambia mapema usije ukakata pumzi. Hakufa mtu siku ile, wa juu ya lori wala wa kisimani, na sifa zote ni za Mwenyezi Mungu. Lakini mkono wa kushoto wa Mzee Maganga, ule aliojikazia nao mlangoni, ulikuwa umebanwa kati ya mlango na mti. Tulimtoa kwa shoka na mtaimbo. Wale wanawake wa kisimani, ambao nilikaribia kuwaua, ndio waliomnywesha maji kwa kata zao na kumfunika kanga zao, na mmoja alinipangusa damu usoni huku akinipa pole. Pole ile ilinichoma kuliko kama angenipiga kofi.

Lori jingine la kuhamisha watu lilipita, tukampeleka Nzega hospitalini. Mkono ulipona, lakini kiwiko hakikukunjika tena. Mtu aliyeendesha malori kwa miaka thelathini hakuendesha tena gari maishani mwake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu mimi mambo yalikwenda kinyume, asiyesikia nilikuwa mimi na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Hapo ndipo penye uchungu, mwanangu. Kiburi cha kijana mara nyingi hulipiwa na mtu mwingine.

Nilikwenda kumtazama siku ya tatu. Chumba kilikuwa na wageni, viongozi wa chama, jamaa, Bibi Nyamizi amekaa sakafuni karibu na kitanda. Kila aliyeingia alisema neno lile lile tunalosema sote: pole mzee, ajali haina kinga. Naye aliwaitikia kwa upole. Nami nilipofika kitandani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kwa woga wangu nikalishika lile lile neno la wengine. Nikasema, "Pole, mzee. Ajali haina kinga."

Akanitazama.

"Hii ilikuwa nayo," akasema. "Kinga ilikuwapo, Shabani. Umeitundika ukutani."

Nilipiga magoti pale, mbele za watu wote, nikasema yote, usukani, ile sawa ya mdomoni, mafuta ya karanga, pampu iliyolia. Nililia kama mtoto, na sioni haya kulisema. Viongozi wa chama walitaka nifukuzwe kazi siku hiyo hiyo, na walikuwa na haki. Mzee Maganga ndiye aliyekataa. Alisema nikifukuzwa nitakwenda kuendesha gari la watu wengine kwa kidole kile kile. Akaomba lori likitengenezwa ing'olewe ile pampu, urudishwe usukani mkubwa, nami niliendeshe hivyo msimu mzima wa tumbaku, mpaka mikono yangu ijue uzito wa kile ninachokibeba.

Bibi Nyamizi, ambaye tangu nilipoingia hakuwa amenitazama, alisema kwa Kiswahili chake cha kijijini, "Na jiwe langu bado liko kwenye gari lako. Utaniletea wewe mwenyewe." Nilimpelekea. Nilishuka nalo peke yangu, nikalibeba kutoka barabarani hadi mlangoni pa nyumba yake mpya, na hakumruhusu mtu anisaidie kulinyanyua.

Msimu ule mabega yangu yalivimba, viganja vikatoka sugu. Nilipita mjini na usukani wa babu, vijana wenzangu wakanicheka, na kicheko chao hakikuniua. Nilijifunza kukata kona kabla ya kona kufika, kupunguza mwendo mapema, kutosimama ovyo. Msimu ulipokwisha walinirudishia pampu, ikiwa na mafuta yake halali, lakini usukani mkubwa nikauacha pale pale. Na kila asubuhi kabla ya safari nilikwenda kwenye mteremko nyuma ya ghala, nikazima injini, nikaliacha gari lijiviringishe na kulikata kwa mikono yangu tu. Nimefanya hivyo mpaka siku niliyostaafu. Mzee Maganga alikuwa akija mara nyingine kutazama, mkono wake mmoja umenyooka kama fimbo.

Sasa nikupe ushauri wangu waziwazi, usije ukasema mzee alisimulia hadithi tu. Ukiwa dereva, jua kwamba usukani wa mafuta ni msaidizi, na msaidizi huugua. Akianza kulia, simama wakati bado unaweza kusimama. Usimpe asichokula. Akikufia njiani, ondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo kidogo kidogo kwa breki na gia, na usiyakaze magurudumu, maana linaloviringika bado linakusikia.

Na kama wewe si dereva, bado ni maneno yako. Utapewa cheo, utapewa mtaji wa watu, jina la baba yako litakufungulia milango, nawe utayazungusha mambo kwa kidole kimoja na kudhani nguvu ni zako. Nguo ya kuazima haisitiri matako, waungwana mnisamehe, lakini ndivyo ilivyosemwa. Siku moja moja uzime injini mwenyewe, mahali pasipo na hatari, uone mikono yako inaweza nini. Ukishindwa, punguza mzigo, na usione aibu. Ukimwambia mkubwa wako sawa, basi iwe sawa ya mikononi. Na ukikosea, sema kabla hujaulizwa, maana mimi ningesema pale kwa Bibi Nyamizi, boneti ikiwa wazi, mtu mmoja angeendelea kukunja mkono wake mpaka kaburini.

Mzee Maganga ametangulia mbele ya haki. Siku ya maziko yake nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Jamaa walipoinama kunisaidia kulinyanyua niliwaomba waniachie upande wangu, nikapiga goti, nikajitwika.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mizigo unayoiweza, na ile usiyoiweza akupe ulimi wa kuikataa. Akujaalie mkubwa wa kukukemea angali hai, na masikio ya kumsikia mkono wake ungali mzima. Amina.